Kuwasha na Kuzima Pampu ya Maji kwa Kubipu

Pampu iliyonifundisha kazi hii ni ya nguvu farasi moja, nayo imefungwa kwenye kisima cha shamba dogo la Mlandizi, wakati mimi ninaishi Dar es Salaam. Nilitaka kujaza simtanki ya lita 2,000 bila kupanda basi, basi nikaunda kidhibiti chenye bodi ya Arduino (kompyuta ndogo sana inayofuata programu unayoiandika), moduli ya simu na rilei moja ndogo ya buluu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, kikafanya kazi wiki tatu bila lalamiko. Usiku mmoja nilituma amri ya kuzima, nikapokea ujumbe uliosema kwamba pampu imezimwa, nikalala. Alfajiri jirani yangu, mzee ambaye shamba lake linapakana na langu, alinipigia simu akasema, "Kijana, tenki lako linamwagika tangu usiku, maji yamefika barabarani." Ncha za rilei, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ndani yake, zilikuwa zimeyeyuka zikashikana kwa joto la mkondo wa mota. Programu ilikuwa imetoa amri yake sawasawa, na kwa kuwa haikuwa na njia ya kutazama kilichotokea kwenye waya, ilinipa taarifa ya amri kana kwamba ni taarifa ya pampu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda kidhibiti kinachowasha pampu kwa bipu ya simu ya kawaida, lakini sehemu kubwa ya maelezo inahusu mambo mawili ambayo kifaa changu cha kwanza hakikuwa nayo: kukiwezesha kifaa kukujibu kwa ukweli, na kukifanya kijizime chenyewe hata pale ambapo mtandao haupatikani na simu yako imeisha chaji.

Tabia ya kifaa

Kabla ya kushika waya, amua kifaa kitakuwa na tabia gani. Katika mpango ninaoutumia sasa, ukiibipu laini iliyoko shambani kwa namba iliyoandikishwa ndani ya programu, kifaa hukata simu yako mara moja na kuwasha pampu kwa muda uliopangwa. Baada ya sekunde tatu hukagua kama swichi kubwa ya pampu, yaani kontakta, imevuta kweli, maana yake imefunga njia ya umeme kwenda kwenye mota. Ikiwa imevuta, kifaa nacho kinakubipu, na unapoona namba ya shamba inaita kwenye simu yako unajua kwamba kontakta imepokea amri na kuitii. Ikiwa haikuvuta, unapata ujumbe mfupi unaosema hivyo. Ukitaka kuzima kabla ya muda kwisha unatuma ujumbe wenye neno ZIMA, na neno HALI linakuletea taarifa ya wakati huo.

Wengi hupenda mpango ambao bipu ya kwanza inawasha na bipu inayofuata inazima. Niliujaribu nikauacha, kwa sababu mtandao ukisuasua mtu hubipu mara mbili, au mtu wa nyumbani hubipu bila kujua kwamba wewe umekwisha kubipu, na baada ya hapo hakuna anayejua pampu iko katika hali gani. Bipu ibaki na maana moja tu, nayo ni kuwasha kwa muda. Bipu ya pili wakati pampu inafanya kazi isizime wala isiongeze muda. Irudishiwe bipu ya uthibitisho, basi.

Muda wenyewe usiukisie. Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya bomba linaloingia kwenye tenki, na upime sekunde zinazotumika kuijaza. Ndoo yangu ilijaa kwa sekunde 24, maana yake pampu inatoa lita 50 kwa dakika, na simtanki tupu ya lita 2,000 inahitaji dakika 40. Nilipanga dakika 45 kama ukomo ambao pampu haiwezi kuuvuka kwa bipu moja. Kupima huku kufanyike juu, kwenye mdomo wa tenki, kwa kuwa pampu ileile hutoa maji machache zaidi kadiri inavyoyapandisha.

Simu isiyopokelewa haitozwi, na ndiyo sababu kubipu kunafaa sana kwa kazi hii. Hata hivyo laini ya shambani iwe na salio dogo, kwa kuwa kwa kawaida mtandao hauruhusu laini isiyo na salio kupiga, na jibu lako linategemea kupiga huko. Laini isajiliwe kwa jina lako, itiwe kwanza kwenye simu ya kawaida ili uondoe namba ya siri ya kuifungua, na ujumbe wote wa matangazo uliomo ufutwe. Usiiache ikae miezi bila kutumika, kwa kuwa mitandao huzifunga laini zilizolala.

Vifaa

Bodi ninayoitumia ni Arduino Uno, ambayo ubongo wake ni chipu ya ATmega328P inayotumia volti 5. Moduli ya simu ni SIM800L, ndogo kuliko kiberiti, inayotumia mtandao wa 2G, ambao katika Afrika Mashariki bado unabeba simu za kawaida za watu wengi. Msomaji aliye nje ya eneo hili aulize kwanza, maana zipo nchi ambazo kampuni zake zimekwisha kuzima 2G; kampuni ya AT&T ya Marekani ilifanya hivyo mwaka 2017. Kwa mahali kama hapo chagua moduli ya 4G, kama zile za aina ya A7670, ambazo amri zake nyingi za msingi zinafanana na hizi.

Utahitaji pia moduli ya rilei moja ya volti 5, kipunguza volti cha LM2596, adapta ya volti 9 yenye uwezo wa ampia 2, kapasita ya mikrofaradi 1,000 ya volti 16, rezista mbili za kiloomu 10, na mita ya kupimia umeme. Hivi vyote vinapatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo, na kwa walioko Nairobi, mtaa wa Luthuli. Upande wa umeme mkubwa unahitaji kontakta yenye koili (sumaku ya umeme inayoivuta) ya volti 230, rilei ya overlodi (inayokata mota ikivuta mkondo kupita kiasi), swichi mbili za boya, swichi ya kuchagua yenye nafasi tatu, fyuzi na boksi linalofungika. Kwenye kontakta angalia mambo mawili: iwe na uwezo wa ampia unaoitosha mota yako chini ya alama ya AC-3, ambayo ndiyo alama ya mizigo ya mota, na iwe na jozi ya ncha ndogo za ziada zilizoandikwa 21 na 22. Jozi hiyo ndiyo itakayokuwa jicho la kifaa chako.

Kuipa moduli ya simu umeme unaoitosha

Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama, wakidhani wamenunua moduli mbovu. SIM800L inahitaji volti kati ya 3.4 na 4.4. Ukiiunganisha kwenye pini ya volti 5 ya Arduino unaihatarisha, na pini ya volti 3.3 ni pungufu na haina nguvu ya kutosha. Tena, moduli inapozungumza na mnara hunyonya umeme kwa mikupuo mifupi inayofikia ampia 2. Ikinyimwa umeme katika nukta hiyo, volti huanguka, moduli inazima na kuwaka upya, inautafuta mnara, inanyonya tena, inazima tena. Taa yake ndogo inapepesa mara kadhaa, inatulia, kisha inaanza mwanzo, na unaweza kukaa nayo mchana kutwa bila kupata mtandao.

Chukua LM2596, unganisha adapta kwenye upande wa kuingilia, na uache upande wa kutokea bila kitu isipokuwa mita yako. Zungusha skrubu yake ndogo ya shaba hadi mita isome volti 4.0. Skrubu hiyo huhitaji mizunguko mingi kabla ya kuonyesha mabadiliko yoyote, kwa hiyo usikate tamaa na usiilazimishe. Moduli iunganishwe baada ya kipimo hicho kutulia, na si kabla. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 iwekwe karibu kabisa na pini za umeme za moduli, mguu wenye alama ya kutoa ukiwa upande wa hasi, na nyaya ziwe fupi na nene kiasi. Nyaya nyembamba za kuchomekea, zile za rangirangi, hupoteza volti nyingi mno katika mikupuo hiyo. Kwa njia hii nimezihuisha moduli mbili ambazo wenzangu walikuwa wamezitupa.

Arduino ipate volti 9 za adapta hiyohiyo kupitia tundu lake la umeme, na nyaya zote za hasi, yaani za adapta, Arduino, kipunguza volti na moduli, ziungane mahali pamoja. Pasipo muungano huo bodi na moduli hazisikilizani.

Nyaya za mawasiliano ni mbili. Pini ya kutuma ya moduli iende pini namba 2 ya Arduino. Pini namba 3 ya Arduino iende pini ya kupokea ya moduli, lakini isiende moja kwa moja, kwa sababu moduli inafanya kazi kwa ishara za volti 2.8 na Arduino inatoa volti 5. Weka rezista moja ya kiloomu 10 katikati ya njia, na ya pili kutoka pini ya moduli kwenda hasi. Zikigawana sawa, moduli itapata volti 2.5, ambazo inazisoma vizuri. Upande wa kurudi, volti 2.8 za moduli ni chini kidogo ya zile 3.0 ambazo waundaji wa chipu ya Arduino wanaziahidi, ingawa kwa kawaida husomeka bila tatizo. Anayetaka uhakika kamili anunue kibodi kidogo cha kubadilisha viwango vya ishara, ambacho bei yake ni ndogo.

Mazungumzo ya kwanza

Tia laini, funga antena, washa, na uitazame taa ya moduli. Ikipepesa karibu kila sekunde moja, bado inautafuta mtandao. Ikipepesa mara moja kila sekunde tatu, imeupata. Kisha pandisha kwenye Arduino programu fupi inayopitisha maandishi kati ya kompyuta na moduli kwa kasi ya 9600, uzungumze nayo kwa mkono wako mwenyewe. Andika AT, nayo ijibu OK. Andika AT+CSQ, nayo itakupa namba ya nguvu ya mtandao kati ya 0 na 31; mimi sifungi kifaa mahali ambapo namba iko chini ya 10, na 99 maana yake hakuna kipimo kilichopatikana. Andika AT+CREG? na utafute 0,1 katika jibu, ishara kwamba laini imesajiliwa kwenye mnara wa nyumbani. Fanya vipimo hivi shambani kwenyewe, mahali boksi litakapokaa, kwa kuwa namba ya sebuleni kwako mjini haikusaidii chochote huko.

Sasa andika AT+CLIP=1, kisha ibipu laini kwa simu yako. Kwenye kioo cha kompyuta utaona neno RING, na chini yake mstari unaoanza na +CLIP: ukifuatiwa na namba yako ndani ya alama za kunukuu. Andika ATH na simu yako itakatwa. Mstari huo mmoja ndio ufunguo wa mradi mzima, na inafaa uuone kwa macho yako kabla ya kuandika programu ya kuusoma.

Programu

Programu inasubiri mstari wa +CLIP, inachukua namba iliyo ndani ya alama za kunukuu za mwanzo, na kulinganisha tarakimu zake tisa za mwisho na namba ulizoziruhusu. Nasema tisa kwa sababu namba ileile inaweza kufika ikiwa na +255 mbele, au 255 bila alama ya kujumlisha, au sifuri peke yake, na ukilinganisha namba nzima iko siku kifaa kitakukataa wewe mwenye shamba. Namba isiyoruhusiwa ikatwe kimya, bila ujumbe wowote.

Ifahamike kwamba namba ya mpigaji inaweza kughushiwa na mtu mwenye nia na ujuzi. Kwa pampu yenye ukomo wa muda ninaukubali udhaifu huo, kwa kuwa hasara kubwa ni maji ya dakika 45. Kufuli la mlango, pasi, jiko au hita ya maji nisingevifunga kwa njia hii, na ninamwomba msomaji naye asivifunge.

Kuhesabu muda kuna mtego ambao ulinila siku nzima:

const unsigned long MUDA = 45UL * 60UL * 1000UL;

if (inawaka && millis() - mwanzo >= MUDA) {
  zimaPampu();
}

Zile herufi UL si mapambo; huiambia programu itumie nafasi kubwa zaidi ya namba. Kwenye Uno, hesabu ya namba za kawaida hufanyika ndani ya nafasi ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 32,767. Nilipoandika 45 * 60 * 1000 bila herufi hizo, jibu la 2,700,000 lilifurika na kilichobaki kikawa 13,024, na pampu yangu ikawa inazima kila baada ya sekunde 13 huku nikiilaumu kontakta. Kuhusu mwanzo, yaani wakati pampu ilipowashwa, nao utangazwe kuwa unsigned long, na sharti liandikwe kwa kutoa kama nilivyofanya hapo juu, kwa sababu saa ya ndani ya Arduino, yaani millis() inayohesabu milisekunde, hujaa na kurudi sifuri baada ya karibu siku 50, na kutoa kwa namna hiyo hubaki sahihi hata katika siku hiyo.

Jambo la pili ni dakika ya kuwaka. Moduli nyingi za rilei huvuta pini yake inapopewa sifuri. Ukiitangaza pini kuwa ya kutoa kabla ya kuipa hali ya juu, rilei hupiga mara moja kila umeme unaporudi, na pampu inashtuka. Mpangilio sahihi katika sehemu ya mwanzo ya programu ni huu:

digitalWrite(RILEI, HIGH);
pinMode(RILEI, OUTPUT);

Umeme ukikatika pampu ikiwa inafanya kazi, kifaa kiamke kikiwa kimezima na kisubiri bipu mpya. Pengine utatamani kikumbuke na kuendelea kilipoishia, lakini umeme wa kwetu unaporudi mara nyingi hupanda na kushuka kwa dakika kadhaa, na mota haipaswi kuwa ya kwanza kuupokea. Kwa sababu hiyohiyo nimeweka subira ya dakika tatu kati ya kuzima na kuwasha tena.

Tumia pia kiamsho cha ndani cha chipu, kwa amri ya wdt_enable(WDTO_8S), ambacho huianzisha upya Arduino ikiwa programu imekwama kwa sekunde 8 bila kukigusa. Ukiisha kukitumia, usisimamishe programu kwa delay ndefu mahali popote. Bipu ya kurudi, kwa mfano, inahitaji kama sekunde 15, kwa kuwa mtandao huchukua muda kabla simu yako haijaanza kuita. Itoe kwa amri ya ATD ikifuatiwa na namba na alama ya nukta mkato, andika wakati ilipoanza, na uikate kwa ATH muda ukifika, huku programu ikiendelea kuzunguka. Na kila dakika moja iulize moduli AT. Ikikaa kimya mara tatu mfululizo, ianzishe upya kwa pini yake ya RST, ukiishusha chini kwa robo ya sekunde. Pini ya Arduino inayofanya kazi hiyo iachwe katika hali ya kupokea wakati mwingine wote, ili volti 5 zisiifikie moduli.

Upande wa volti 230

Kufikia hapa kila kitu kinaweza kujengwa mezani na mtu yeyote mwangalifu. Sehemu inayofuata inaua. Ikiwa huna uzoefu wa nyaya za umeme wa nyumba, mpe fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, nawe usimame pembeni ukiwa na mchoro wako. Pampu na maji viko pamoja, kwa hiyo ethi, yaani waya wa ardhini, ifike kwenye mota na kwenye boksi kama ni la chuma, na mstari wote ulindwe na breka inayokata umeme unapovuja kufikia miliampia 30.

Rilei ndogo ya buluu imeandikwa ampia 10, na hapo ndipo nilipodanganyika, kwa kuwa mota ya nguvu farasi moja hutumia karibu nusu tu ya hizo ikiwa imekwisha kuzunguka. Katika nukta ya kuanza, hata hivyo, mota huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida, na ni cheche za nukta hiyo zinazozichomelea ncha. Kwa hiyo rilei isiguse mota kabisa. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye koili ya kontakta, ambayo inahitaji mkondo mdogo sana, na kontakta ndiyo inayobeba mota, ikikata laivu na nyutro kwa pamoja.

Njia ya kwenda kwenye koili ipangwe kama shanga katika uzi mmoja. Laivu inapita kwenye fyuzi ya ampia 2, kisha kwenye swichi ya kuchagua. Nafasi ya katikati ni kuzima kabisa. Nafasi ya kulia inapitia kwenye rilei ya Arduino. Nafasi ya kushoto inairuka rilei, ili aliye shambani aweze kuwasha kwa mkono kifaa kinapoharibika. Baada ya hapo njia mbili zinakutana tena na kupita kwenye boya la tenki, ambalo hukata maji yakifika juu, kisha kwenye boya la kisima, ambalo hukata maji yakipungua ili pampu isizunguke kavu, kisha kwenye ncha za 95 na 96 za overlodi, ndipo zifike kwenye koili. Kwa mpangilio huu maboya na overlodi vinalinda pampu hata mtu akiiwasha kwa mkono, na havihitaji ruhusa ya programu yoyote. Overlodi irekebishwe kwa ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Na kwa kuwa nyingi zimeundwa kwa fezi tatu, kwenye mota ya fezi moja mkondo upitishwe katika njia zake zote tatu, la sivyo itakata ovyo.

Kontakta inapoachia, koili yake hutoa mshtuko wa umeme unaoweza kuivuruga Arduino. Kizuizi cha mshtuko, yaani rezista na kapasita zilizopakiwa pamoja kwa ajili ya koili za volti 230, kifungwe sambamba na koili. Nilipokisahau, kifaa kilikuwa kinajianzisha upya takriban mara moja katika kila kuzima mara kumi, na hakuna mstari wa programu ungeweza kuniambia sababu.

Jibu la kweli

Jozi ya 21 na 22 kwenye kontakta inagusana wakati kontakta imeachia, na kuachana wakati imevuta. Chagua kontakta ambayo mtengenezaji wake anaihakikisha jozi hiyo kuwa kioo cha ncha kubwa, maana yake ni kwamba ncha kubwa moja ikiwa imeshikana kwa kuungua, jozi hii haiwezi kugusana. Peleka waya kutoka 21 hadi hasi ya Arduino na kutoka 22 hadi pini namba 5, iliyotangazwa kuwa INPUT_PULLUP. Volti 5 peke yake ndizo zipite hapa. Nyaya hizi zisilale pamoja na za volti 230, na ziwekwe kwenye njia yake ndani ya boksi.

Sasa pini ikisoma chini, kontakta imeachia bila shaka. Ikisoma juu, ama imevuta, ama waya umekatika. Ndiyo sababu programu inapaswa kusoma pini hii kabla ya kuwasha: ikiikuta juu wakati haijatoa amri yoyote, iwe mtu amewasha kwa mkono au waya umetoka, isiwashe, ila itume ujumbe unaosema hivyo. Ikiikuta chini, iwashe, isubiri sekunde tatu, isome mara tano kwa kuachanisha kidogo, na ikiwa zote ziko juu, ikubipu. Inapozima ifanye vivyo hivyo kinyume chake, na pini ikibaki juu itume maneno IMEGOMA KUZIMA kwa namba zote zilizoandikishwa, irudie kila baada ya dakika tano, kwa kuwa hapo huenda ncha kubwa zimeshikana, na zikishikana hakuna amri itakayosaidia isipokuwa mkono wa mtu kwenye breka. Nimeiweka namba ya yule jirani yangu katika orodha hiyo, kwa ridhaa yake, na nimemwonyesha breka ilipo.

Jibu hili linahusu kontakta. Halikuambii kama maji yanatoka, na bomba likipasuka utabipiwa vilevile. Ukipenda kwenda mbele zaidi, funga swichi ya mtiririko kwenye bomba la kutokea na uisome kwa pini nyingine sekunde 30 baada ya kuwasha.

Majaribio kabla ya kuondoka

Fanya majaribio yote kwanza mezani, ukiwa na balbu badala ya mota. Bipu kwa namba iliyoruhusiwa, kisha kwa isiyoruhusiwa. Chomoa antena wakati balbu inawaka, ili uhakikishe kwamba muda ukiisha inazima bila mtandao. Zima umeme na uurudishe. Chomoa waya wa 22, bipu, na usubiri ujumbe wa lawama. Kisha zuia kontakta isiachie, kwa kuibonya kwa kijiti kikavu cha plastiki, na uone kama IMEGOMA KUZIMA inafika. Jaribio hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko mengine yote.

Shambani, pima volti wakati pampu inapoanza kuwaka, kwa kuwa ndiyo nukta zinapoanguka zaidi. Koili ya volti 230 inategemewa kuvuta kuanzia asilimia 85 ya kipimo chake, yaani karibu volti 196. Chini ya hapo kontakta hunguruma na kutetemeka, na ncha zake huungua kila sekunde inayopita. Ukiisikia sauti hiyo, zima, na utatue waya mwembamba au umeme mdogo kabla ya jambo lolote. Antena itoke nje ya boksi kama ni la chuma, na matundu ya nyaya yazibwe kwa raba, kwa kuwa mijusi na sisimizi wanapenda joto la adapta.

Mwisho, bandika ndani ya mlango wa boksi karatasi iliyofunikwa kwa plastiki yenye mchoro wa nyaya, namba ya laini, tarehe ya kufunga, muda wa ukomo, na sentensi moja kwa herufi kubwa: ikiwa pampu haizimi, shusha breka hii, kisha mpigie mwenye shamba.